Tunapokea vijana wa miaka 15–17 kutoka Hamburg: tuwapeleke wapi hapa Dar wafurahi na wawe salama?

Mwalimu wa Zamu (#1)
Wakuu, salaam. Nafundisha sekondari hapa Dar. Mwezi wa kumi tunapokea vijana 14 na walimu wao wawili kutoka shule rafiki ya Hamburg. Umri ni miaka 15 hadi 17. Kila mmoja atakaa na familia ya mwanafunzi wetu, kwa hiyo kwenye matembezi tutakuwa na vijana 28, nusu wenyeji nusu wageni.

Kundi lililopita walitembezwa kweli kweli. Kila siku kosta, kila siku kiingilio. Kufikia katikati ya wiki wageni walikuwa upande wao na simu zao, watoto wetu upande wao na soga zao. Picha zilitoka nzuri, urafiki haukuonekana. Wapo walioagana bila hata kuchukuliana namba.

Sitafuti orodha ya watalii watu wazima wenye hela zao. Natafuta mahali ambapo mzazi aliyeko Ujerumani atalala usingizi, na mtoto wa Mbagala na mtoto wa Hamburg watacheka pamoja. Pia nisaidieni hili: kwa nini lile kundi liligawanyika?

Kijana wa Kimara (#2)
Kisiwa cha Mbudya. Samaki wa kukaanga, chipsi, maji ya bluu. Uzi ufungwe.

Nahodha wa Kunduchi (#3)
Usifunge uzi wa watu, kijana. Mbudya ni pazuri na boti kutoka Kunduchi haichukui muda, lakini mwalimu aangalie mwezi kabla hajaangalia kalenda ya shule. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya kwetu hujaa alfajiri na tena alasiri, na saa nne au saa tano asubuhi yamekupwa kabisa. Kundi la shule hupenda kufika ufukweni saa nne. Hapo utakuta boti imekaa mbali, watoto wanavuka mawe na matope peku, mmoja kakanyaga miba, siku imeharibika kabla haijaanza. Siku za maji mafu tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, unaondoka muda wowote.

Oktoba mmechagua vizuri. Juni hadi Agosti kusi inavuma, bahari inachafuka, watoto wanatapika njiani. Oktoba bahari imetulia.

La mwisho: jaketi okozi zivaliwe kabla ya kupanda. Nimeona makundi mengi watoto wamezikalia kama mito. Boti isiyo na jaketi za kutosha vijana 28 na walimu wao, usipande hata kama wamepunguza bei.

Mama wa Tabata (#4)
Nahodha, asante, ila naongeza kitu ambacho walimu hawakisemi. Kwenye maji, anayehitaji ulinzi zaidi ni mtoto wetu. Watoto wengi wa Ujerumani wanafundishwa kuogelea wakiwa shule ya msingi. Wetu wamezaliwa mwendo mfupi kutoka baharini na hawajui kuelea. Sasa weka kijana wa kidato cha tatu mbele ya wasichana wageni, wageni wanajitosa, yeye atabaki amesimama? Ataingia. Na hatasema kwamba hajui.

Mwalimu, kabla ya Mbudya uliza mwanafunzi mmoja mmoja, pembeni, nani anajua kuogelea. Usiulize darasani, wote watanyoosha mkono.

Mwalimu wa Zamu (#5)
Mama wa Tabata, hilo nimeliandika juu kabisa. Fomu zetu zote zinawahusu wageni.

Mzee wa Ilala (#6)
Kwanza wapelekeni pale Posta kwenye sanamu la Askari, waone kazi ya babu zao Wajerumani. Halafu Makumbusho ya Taifa, halafu Coco wale mihogo. Siku nzuri hiyo na hela haiendi.

Mwl. wa Historia (#7)
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo lazima nirekebishe. Lile sanamu ni la Waingereza, liliwekwa 1927 kwa kumbukumbu ya askari wa vita vya kwanza vya dunia. Pana maandishi ya Kiingereza na Kiswahili. La Wajerumani lilikuwa jingine: sanamu la Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wao wa kikoloni hapa, lililozinduliwa Dar 1909. Waingereza walipoiteka nchi wakaling'oa.

Na hapa ndipo vijana wako watakaposimama wima, mwalimu. Lile sanamu lilipelekwa London, baadaye likapelekwa Hamburg. Mwaka 1922 likasimamishwa mbele ya chuo kikuu cha Hamburg. Likakaa pale miaka mingi hadi wanafunzi wa chuo hicho walipoliangusha 1968. Yaani mtoto anatoka Hamburg, anasimama katikati ya Dar, anaambiwa kitu kilichokuwa hapa kilihamia kwenu, na vijana wenzenu ndio waliokiangusha. Mpe mwanafunzi wetu mmoja kazi ya kusimulia hayo, usimpe mzee wa makumbusho. Utaona kama simu zitatoka mfukoni, na zikitoka zitakuwa za kutafutia picha za Wissmann.

Kwenye Makumbusho ya Taifa wapo karibu na Zinjanthropus, fuvu alilolipata Mary Leakey kule Olduvai 1959. Na waulize wageni kama wamewahi kwenda Berlin kumwona yule dinosaria mrefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Alichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, na msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani. Ukiongea na vijana hivi, historia inawahusu wote waliopo, mwenyeji na mgeni.

Kijana wa Kimara (#8)
Mwl. wa Historia heshima kwako, ila mwenye uzi kaomba wafurahi. Mtoto wa miaka 15 yuko likizo, unamletea Wissmann na mafuvu? Ndiyo maana wanakimbilia kwenye simu.

Mwl. wa Historia (#9)
Kijana, anayekimbilia simu ni aliyesomewa maelezo ya ukutani kwa saa mbili. Niliyoyaandika pale juu yanachukua dakika ishirini kwa miguu kutoka Askari hadi makumbusho, halafu mnapumzika bustani ya mimea pale jirani. Na hao watoto wakirudi kwao wataulizwa. Rais wao Steinmeier alikuja Songea Novemba 2023 akaomba radhi kwa waliyotendwa watu wetu katika vita vya Majimaji. Wanajua kuna kitu. Tukikaa kimya kwa adabu, tunawanyima.

Mdau wa Hamburg (#10)
Wakuu, nipo Hamburg, watoto wangu wanasoma huku, na wamewahi kuwa kwenye safari za kubadilishana wanafunzi. Dar na Hamburg ni miji rafiki tangu 2010, kwa hiyo makundi ya aina hii yapo.

Kwa maoni yangu kundi lako liligawanyika kwa sababu ya kufungiwa. Mtoto wa huku akiwa darasa la tano anapanda treni peke yake kwenda shule. Akiwa na miaka 16 anavuka mji mzima usiku kurudi nyumbani. Ukimchukua huyo ukamweka kwenye kosta wiki nzima, akihesabiwa kila akishuka, kitu pekee anachobaki nacho ambacho ni chake ni simu. Mpeni hata kipande kidogo cha uhuru: soko la vinyago la Mwenge, vikundi vya wanne wanne, wawili wetu wawili wao, mwalimu amekaa mahali panapojulikana, mnakutana baada ya saa moja.

Mengine kwa haraka. Uliza mapema nani hali nyama, watakuwepo. Picha: wazazi wa huku ni wakali sana kuhusu picha za watoto kuwekwa mtandaoni, pata ruhusa ya maandishi na familia wenyeji waambiwe. Na bia. Huku sheria inaruhusu bia na mvinyo kuanzia miaka 16. Mtoto hatakuwa anakuvunjia adabu akiomba, kwake ni kawaida.

Shangazi wa Sinza (#11)
Bia?? Mtoto wa kidato cha tatu akamwone mwenzake anakunywa bia sebuleni kwangu? Hapana jamani.

Mdau wa Hamburg (#12)
Shangazi, ndiyo maana nimesema. Kwetu ni miaka 18, basi. Waambiwe na mwalimu wao kabla ya kupanda ndege, mbele ya wazazi. Isiwe kazi ya mama mwenyeji kuanza kugombana na mgeni.

Mama Mchungaji (#13)
Bwana asifiwe. Mimi nashauri siku moja waende kituo cha watoto yatima, wapeleke zawadi, wacheze na watoto. Inawajenga kiroho na vijana wetu pia wanajifunza kushukuru.

Afisa Ustawi Mstaafu (#14)
Mama Mchungaji, nia ni njema, lakini kwa hili nitasimama njiani. Nimefanya kazi na vituo. Mtoto wa kituoni anakumbatiwa na mgeni leo, kesho mgeni hayupo, wiki ijayo analetwa mgeni mwingine wa kumkumbatia. Mnajua anajifunza nini? Na zile picha zinabaki mtandaoni akiwa mtu mzima.

Halafu kumbukeni, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Hao wageni wenyewe ni watoto, na wenyeji wao ni watoto. Mnapeleka watoto kuangalia watoto. Kama mnataka kutoa, toeni kimyakimya kupitia ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya. Kama mnataka kucheza na watoto, pangeni mechi na shule ya jirani, timu zichanganywe.

Mama Mchungaji (#15)
Hilo la mechi nalikubali. La kutokwenda kabisa bado moyo unakataa, tuliwahi kupeleka na watoto walifurahi sana.

Dereva wa Kosta (#16)
Nimebeba makundi ya shule na wageni miaka. Mnaumiza kichwa bure, jibu ni siti. Asubuhi ya kwanza watu wanakaa na wanaowajua, na ulipokaa siku ya kwanza ndiyo siti yako hadi mwisho. Foleni ya Bagamoyo Road peke yake ni muda wa kutosha watu kujuana au kuchokana. Mimi nikipewa ruhusa nawapanga mwenyewe mlangoni, mgeni mwenyeji, mgeni mwenyeji, na redio naikabidhi kwao: wimbo mmoja wa kwetu, mmoja wa kwao. Kufika Bagamoyo wanapiga kelele mpaka trafiki wananiangalia.

Niliwahi Kuwa Mwenyeji (#17)
Nimesoma uzi wote, naomba nieleze, kwa sababu mimi nilikuwa huyo mwanafunzi. Kidato cha tatu, tulipokea wageni, sio wa Hamburg ila Ulaya hiyo hiyo.

Haikuwa siti, haikuwa Kiingereza, haikuwa uhuru. Ilikuwa hela. Tulipelekwa sehemu nzuri za baharini. Kiingilio shule ililipa. Lakini ndani, wageni wanatoa pochi wananunua soda, aiskrimu, chipsi kuku. Sisi tuna nauli ya kurudia nyumbani tu. Mgeni wangu aliniuliza mara mbili "huli?", nikamwambia nimeshiba. Nilikuwa na njaa. Baada ya hapo ikabidi nikae mbali naye kila muda wa kula, ili asiulize tena. Yeye bila shaka alidhani simpendi. Na wenzangu walifanya hivyo hivyo, ndipo tukawa kundi letu pembeni, tunacheka kwa nguvu ili tuonekane tuko sawa.

Siku moja tu ilikuwa tofauti. Mvua ilinyesha, safari ikafutwa, tukabaki kwetu. Mama akakanda unga, mgeni akafundishwa kusukuma chapati, zake zikatoka na ramani ya Afrika, wadogo zangu wakamcheka mpaka akacheka. Jioni dada akamsuka. Siku hiyo nilikuwa mwenyeji kweli, kwa sababu kila kitu kilichokuwepo nilikuwa nacho.

Mwalimu, kama mnakwenda mahali panapouzwa vitu, chakula cha wote kinunuliwe kwa mfuko mmoja, sahani zinazofanana. Na waambie walimu wa Ujerumani wawaambie watoto wao: pochi zibaki nyumbani.

Mama wa Tabata (#18)
#17 umenikamata. Mwanangu alipokea mgeni, kila siku anarudi anakula kama hajala tangu asubuhi. Nikawa namgombeza kwamba huko mlipokwenda kuna vyakula, kwa nini huli.

Dereva wa Kosta (#19)
Hiyo ya hela ni kweli, ila bado nasema siti. Njaa ni saa moja, gari ni saa nne.

Mdada wa Moro (#20)
Jamani treni! Tangu Juni 2024 treni ya umeme inafika Morogoro, na ni chini ya saa mbili. Unatoka asubuhi, unapanda Uluguru kwa miguu na waongozaji wa pale mjini hadi maporomoko ya Choma au Morningside, mnashuka, jioni mko Dar. Foleni hakuna, na ndani ya behewa watoto wanatembea, wanabadilishana viti, sio kama kosta. Mlimani hakuna cha kununua zaidi ya ndizi na parachichi, kwa hiyo tatizo la #17 linakufa lenyewe. Kwenye kilima kila mtu anahema sawa.

Tiketi zikatwe mapema na majina yafanane na pasipoti. Viatu viwe na meno, baada ya mvua njia inateleza.

Dereva wa Kosta (#21)
Mdada wa Moro unataka kunitoa mjini.

Kijana wa Kimara (#22)
Nami napinga kosta. Wapandeni mwendokasi Kimara hadi Kivukoni, wavuke na pantoni kwenda Kigamboni, warudi. Hayo ndiyo maisha ya Dar. Mgeni atakumbuka pantoni kuliko hoteli yoyote.

Nahodha wa Kunduchi (#23)
Pantoni sawa, lakini si saa za kazini asubuhi wala jioni, na watoto wakae pamoja juu, si kwenye mlango wa magari. Na wasipige picha hovyo eneo lile. Ikulu iko pale Magogoni, bandari iko pale, watachukuliwa simu.

Mama wa Tabata (#24)
Wakitembea barabarani simu iwe mkoba wa ndani, upande wa ukutani. Vishandu wanapita na pikipiki, hujui imekwendaje. Na bodaboda hapana, hata mtaa mmoja.

Mpenda Boli (#25)
Hakuna aliyetaja mpira? Uwanja wa Mkapa, watu 60,000, wageni wapewe jezi. Mwezi wa kumi ligi inaendelea. Ila wapewe za kijani, tusiwaanzishie maisha na huzuni.

Mnyama Mkali (#26)
Watoto wa watu wametoka mbali halafu uwavalishe kandambili? Msimbazi ndiyo nyumbani.

Afisa Ustawi Mstaafu (#27)
Mechi ya watani, hapana: vijana 28 katika msongamano ule hutawaona tena hadi kesho. Mechi ya kawaida, alasiri, kule Chamazi, uwanja mdogo, mnakaa pamoja, mnatoka dakika tano kabla ya filimbi. Hiyo naiunga mkono.

Mpenda Boli (#28)
Kutoka dakika tano kabla? Goli likifungwa je?

Binti wa Unguja (#29)
Zanzibar hamjaitaja. Boti ya asubuhi, Mji Mkongwe, jioni Forodhani. Angalizo: tangu Oktoba 2024 mgeni wa nje anatakiwa kukata bima ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, kwa hiyo mpige hesabu kabla ya kuwaahidi. Kwa siku moja naona ni gharama. Kama bajeti haitoshi, Bagamoyo inawapa karibu yote: magofu ya Kaole, misheni ya 1868, Caravan Serai, na chuo cha sanaa cha TaSUBa ambako wanaweza kujifunza ngoma badala ya kuiangalia.

Fundi Rangi wa Masaki (#30)
Kwa kazi ya mikono, wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay. Rangi ni za mafuta, zinang'aa, mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga. Mkiwaomba mapema wanakaa na vijana, kila mmoja anatoka na ubao wake. Ila pangeni wachore wawili wawili ubao mmoja, mgeni na mwenyeji. Wakianza kubishana chui awe na madoa mangapi, kazi imekwisha.

Mwalimu wa Zamu (#31)
Wakuu, asanteni. #17 nimempelekea mkuu wa shule kama ulivyoandika. Hadi sasa naona hivi: siku mbili za kwanza nyumbani kwa familia, hakuna safari. Siku ya Askari na makumbusho kwa miguu, wanasimulia wanafunzi. Tingatinga wawili wawili. Treni ya Morogoro. Mbudya mwishoni, siku ya maji mafu, baada ya kuwauliza wetu pembeni. Chakula mfuko mmoja. Mechi ya mchanganyiko na shule ya jirani.

Bado sijui la Mdau wa Hamburg. Mwenge wakiwa wanne wanne bila mwalimu, wazazi wa Ujerumani wanaweza kukubali kuliko wazazi wetu. Jana nimemdokeza mama mmoja wa kwetu, akaniuliza nimepatwa na nini.

Shangazi wa Sinza (#32)
Na mimi nakuuliza hivyo hivyo. Saa moja bila mtu mzima, akipotea nani anampigia mama yake Ulaya?

Mdau wa Hamburg (#33)
Shangazi, yupo na wenyeji wawili wanaoijua Mwenge kuliko mwalimu. Mnawaamini watoto wenu kupanda daladala mbili kila asubuhi kwenda shule, lakini kumwongoza mgeni dukani hamuwaamini?

Niliwahi Kuwa Mwenyeji (#34)
Naunga mkono Mdau kwa hili. Ila Mwenge ni kununua vinyago. Pochi zinarudi pale pale.

Dereva wa Kosta (#35)
Wapeni wote kiasi sawa mkononi, kundi linunue kitu kimoja cha zawadi kwa shule. Na atakayewapeleka Mwenge ni nani, treni haifiki huko. Mwalimu, nakutumia ujumbe faragha.

Nahodha wa Kunduchi (#36)
Mwalimu, tarehe kamili za wageni ni zipi? Nikuangalizie maji.